Nimefunga injini nyingine, geji ya joto haipandi: nitumie sensa ya injini ipi?

"Habari fundi. Nina pikapu ya zamani ya petroli, injini yake ya kabureta ilikufa nikafunga injini ya EFI (inayopuliziwa petroli kwa umeme) iliyotoka kwenye gari la kampuni nyingine kabisa, imekuja na kontrol boksi yake, ile kompyuta ya injini. Inavuta vizuri sana, shida ni geji ya temperecha. Mshale unanyanyuka kidogo tu juu ya C (alama ya baridi) na unabaki hapo hapo hata nikipanda mlima na mzigo. Fundi aliyefunga anasema hiyo ni dalili nzuri, injini haichemshi. Mwingine anataka aniwekee rezista, kile kipande cha kuzuia umeme, ili mshale ukae katikati kama zamani. Rafiki yangu anasema ninunue sensa ya hii injini mpya, na kuna mtu kaniambia hapana, nunua ya gari lako la zamani. Nifuate lipi? Halafu asubuhi inasumbua kuwaka, na feni ya umeme inazunguka toka nawasha mpaka nazima, na ile taa ya chek injini niliyofungiwa pembeni haizimi, sijui kama inahusiana."

Salama ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua kitu. Umeuliza kuhusu geji ila mimi kilichonishtua ni yale maneno ya mwisho uliyoyaweka kama nyongeza, kwamba inasumbua kuwaka, feni haizimi na taa inawaka. Yanahusiana, tena sana, nitayafikia sasa hivi. Kwanza tukubaliane jambo moja, kwamba kwa sasa hujui injini yako ina joto kiasi gani. Aliyekwambia mshale kukaa chini ni dalili nzuri amekutuliza bila kupima chochote. Injini ikishapata moto wake wa kazi mshale lazima uondoke C, usipoondoka maana yake hauoni kinachoendelea kule chini, na siku mpira wa rejeta ukipasuka hautaona pia, utaendelea kukaa pale pale huku silinda hedi inapinda.

Kinachowachanganya watu wengi, na mafundi wazuri tu wamo, ni kudhani ile geji ya dashibodi inapima joto. Haipimi joto. Inapima umeme unaopita kwenye waya mmoja unaoshuka mpaka kwenye injini, basi. Huko mwisho wa waya kuna sensa, na ndani ya ncha yake kuna kidonge kidogo ambacho kikiwa baridi kinazuia umeme sana na kikipata moto kinaachia. Ule uzuiaji ndio tunaupima kwa om. Injini baridi, om nyingi, umeme kidogo, mshale chini. Injini ya moto, om chache, umeme mwingi, mshale juu. Kwa hiyo mshale haujui lolote kuhusu digrii, unajua om tu, na zile alama za C, yaani baridi, na H, yaani moto, ni makubaliano kati ya aliyetengeneza geji na aliyetengeneza sensa, kwamba mimi nikikupa om 80 wewe simama katikati, nikikupa om 40 ingia kwenye nyekundu. Kampuni nyingine imekubaliana namba zake nyingine kabisa, na hata kampuni hiyo hiyo kwenye modeli nyingine au mwaka mwingine inaweza kuwa imebadilisha.

Ukishaelewa hapo jibu la swali lako linajitokeza lenyewe. Sensa inaifuata geji, haiifuati injini. Maji ya digrii 90 ni ya digrii 90 kwenye injini yoyote duniani, injini yenyewe haijali ni sensa ya nani imechovya ndani yake, ila geji inajali sana. Aliyekwambia ununue sensa ya gari lako la zamani ndiye yuko sahihi, kwa sababu dashibodi yako bado ni ya gari la zamani. Rafiki yako angekuwa sahihi kama ungehamisha na geji ya lile gari lililotoa injini. Na kama injini iliyokufa bado ipo hata kama skrepa, usiiuze kabla hujafungua sensa yake, unaihitaji.

Sasa turudi kwenye yale malalamiko ya pembeni. Kwenye injini ya EFI ya kawaida kuna vitu mpaka vitatu vimechomekwa kwenye njia ya maji, vinafanana mno kwa sura na kazi zake ni tofauti. Cha kwanza ni sensa ya kontrol boksi, hiyo ina pini mbili. Cha pili ni sensa ya geji, mara nyingi ina pini moja tu na erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, inaipata kupitia mwili wake uliofungwa kwenye chuma. Cha tatu ni swichi ya feni, ambayo siyo sensa hata kidogo, yenyewe inafunga au inafungua kama swichi ya taa, haina katikati. Zipo injini zenye sensa ya pini tatu au nne ambazo zimeunganisha ya kontrol boksi na ya geji kwenye mwili mmoja, na zipo ambazo hazina sensa ya geji kabisa kwa sababu kwenye gari lao la asili kontrol boksi ndiyo iliyokuwa inatuma habari kwenye dashibodi.

Ninachohisi, na ninahisi kwa nguvu, ni kwamba fundi wako alikosa mahali pa kuchomeka waya wa geji, akaona sensa yenye pini mbili, akauchuna waya mmojawapo akaungia hapo. Angalia dalili zako. Sensa ya kontrol boksi kwa kawaida ina om kama 2,000 mpaka 3,000 kwenye digrii 20, na ikifika digrii 80 bado ina kama 300. Geji yako ya zamani inataka om chini ya mia ndio ifike katikati. Ukiipa 300 inanyanyuka kidogo juu ya C inakaa, ndivyo ulivyoniandikia. Upande wa pili kuna ubaya zaidi. Kontrol boksi inaipa ile sensa volti 5 za taratibu ili isome, wakati waya wa geji unashuka na umeme wa betri ukiwa umepitia kwenye koili ya geji. Ukiunganisha hivyo viwili volti kwenye waya wa kontrol boksi inapanda kupita kiwango chake, nayo inadhani waya umekatika, inawasha taa, inaacha kuiamini sensa na kuweka namba ya kubuni, injini nyingi huweka kitu cha karibu na digrii 80, halafu inawasha feni moja kwa moja ili kujilinda. Asubuhi injini ni ya baridi lakini kontrol boksi inamwaga petroli ya injini iliyoshapata moto, ndio maana inasumbua kuwaka. Ukichomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu za injini kuna uwezekano mkubwa utakuta P0118, ambayo inamaanisha saketi ya sensa ya joto la maji inasoma volti juu kupita kiasi.

Kuthibitisha ni rahisi. Fuata waya unaotoka kwenye geji mpaka chini uone umeishia wapi. Ukiukuta umeungwa kwenye soketi ya pini mbili, utoe leo, ufunge tepu mwisho wake usiguse bodi, rudisha ule waya wa kontrol boksi kama ulivyokuwa na uufunike vizuri, futa kodi kwa mashine, halafu washa gari asubuhi inayofuata. Feni ikitulia na gari ikishika mara ya kwanza basi tumepata, na nusu ya shida yako imekwisha bila kununua kitu. Ikiwa haijaungwa hapo nitakuwa nimekosea kuhisi, ila hayo mengine yote nitakayosema yanabaki vile vile.

Kabla ya kufunga sensa hakikisha kwanza geji yenyewe ni nzima. Fungulia swichi bila kuwasha injini, waya wa geji ukiwa haujagusa kitu mshale unatakiwa uwe chini kabisa. Ugusishe kwenye erthi safi, mshale unatakiwa uanze kupanda kuelekea H. Usiuache hapo, sekunde mbili tatu ukiona unaenda ondoa, maana kuna geji zinaungua ukizipa erthi ya moja kwa moja kwa muda mrefu. Ipo mifumo michache inayokwenda kinyume na hivyo, lakini pikapu nyingi za zamani ziko hivi. Mshale usipocheza kabisa angalia fyuzi na waya wenyewe. Na tupia jicho geji ya mafuta pia, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani hizo mbili zinakula kwenye kidhibiti kimoja cha volti nyuma ya dashibodi, kwa hiyo geji ya mafuta nayo ikianza kusoma pungufu au zaidi kwa wakati mmoja, ugonjwa uko huko nyuma, sensa haina kosa.

Halafu kuna kipimo ambacho mimi sikiachi hata kama sensa ni mpya kwenye boksi lake, maana nimeshakuta mara nyingi boksi linasema hivi na kilichomo ndani ni kingine. Chukua sufuria ya maji, ninginiza sensa kwa waya ili ncha izame na isiguse kitako cha sufuria, chovya na thermomita karibu kabisa na ile ncha, halafu mita ya om, waya wake mmoja kwenye pini ya sensa na mwingine kwenye mwili wake wa shaba. Washa moto mdogo, usiwe na haraka, koroga maji, na kila thermomita ikifika 40, 60, 80, 90 andika om kwenye karatasi. Yakichemka andika tena, ila amini thermomita na siyo mazoea, kwa sababu maji yanachemka kwa digrii 100 usawa wa bahari tu, ukiwa sehemu ya mwinuko yanachemka mapema, karibu digrii moja pungufu kwa kila mita 300. Kisha zima moto na uandike tena wakati yanapoa, hizo namba za kushuka ndizo ninazoziamini zaidi maana joto limetulia ndani ya sufuria nzima. Utaona kitu ambacho kinasaidia sana kuelewa: om hazishuki kwa mstari ulionyooka, zinaporomoka kwa kasi mwanzoni halafu kadiri maji yanavyozidi moto zinashuka kidogo kidogo. Huko kwenye mwisho wa moto ndiko tofauti ya om chache ina maana kubwa.

Upande wa geji nao unapimika. Toa waya kwenye sensa, unganisha rezista kati ya waya na erthi, fungulia swichi, subiri. Anza na om 200, kisha 100, 80, 60, 40, 30, na kila moja ipe dakika nzima maana geji nyingi za zamani zina kibati kinachopinda kwa joto, zinapanda polepole. Tumia rezista za wati 5, zile ndogo za redio zinaungua mkononi. Andika mshale umesimama wapi kwa kila om. Ukishakuwa na karatasi mbili, ya sufuria na ya geji, unaziweka pamoja na unajua kabisa kwenye digrii 90 mshale utakaa wapi, na kwenye 115, ambako sufuria haifiki, unakadiria kwa kuendeleza mwendo wa namba zako. Hakuna kubahatisha tena.

Ukishapata sensa inayoendana na geji, inabaki kazi ya kuiingiza kwenye injini ambayo haikutengenezewa. Tafuta kwanza kama injini mpya ina tundu lililofungwa kwa plagi kwenye silinda hedi au kwenye nyumba ya themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto, injini nyingi zinalo. Au kama ina sensa yake ya geji ya pini moja, toa hiyo weka yako hapo. Shida itakuwa thredi, yaani zile nyuzi za kuzungushia. Zipo za milimita kama M12 kwa 1.5 au M16 kwa 1.5, zipo za bomba kama moja ya nane ya inchi, na hizo za bomba zenyewe ziko za aina mbili, ya Kiingereza yenye nyuzi 28 kwa inchi na ya Kimarekani yenye 27. Hapo watu wanalia. Sensa inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, inakaza, mtu anaongeza spana, na kwa kuwa nyumba ya themostati ni aluminiamu inapasuka. Ikikaza mapema ujue thredi siyo, simama. Nenda na sensa na plagi mkononi kwa mtu wa mashine akutafutie au akuchongee adapta. Adapta isiwe ndefu sana, ncha ya sensa lazima ifike kwenye maji yanayotembea, ikijificha ndani ya adapta inasoma maji yaliyosimama na itakudanganya kwa digrii nyingi.

Mahali pa kuweka ni pa muhimu kuliko watu wanavyodhani. Unataka maji yanayotoka kwenye silinda hedi, kabla ya themostati. Ukiweka baada ya themostati, yaani upande wa rejeta, sensa itasoma baridi mpaka themostati ifunguke, na siku themostati ikigoma kufunguka, siku ambayo unaihitaji geji kuliko zote, sensa itakuwa imekaa kwenye maji baridi ya rejeta huku injini inaungua. Zipo adapta za kukata mpira wa juu na kuingiza kipande cha chuma chenye tundu la sensa, siyo mbaya kama injini yako ina themostati upande wa chini, maana hapo mpira wa juu unapokea maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye injini. Angalia yako iko wapi kabla hujakata. Na ukitumia hiyo kumbuka kile kipande kimekaa katikati ya mpira, hakina erthi, lazima ukifungie waya wake wa erthi mpaka kwenye chuma cha injini la sivyo mshale hautapanda kamwe.

Tukiwa kwenye erthi, sensa ya pini moja inategemea thredi zake kugusana na chuma. Mtu akizungushia ile tepu nyeupe ya bomba tabaka nne tano ili isivuje, anaongeza om ambazo hazimo kwenye hesabu. Tumia kidogo sana, au gundi ya thredi, au kama sensa inakaa kwenye washa ya shaba usiweke kitu. Vile vile baada ya kubadilisha injini mara nyingi ule waya mnene wa kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi unasahaulika au unafungwa juu ya rangi. Pima kwa mita, injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa, kati ya chuma cha injini na hasi ya betri, ukikuta zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti hiyo erthi ni dhaifu, ipige msasa uifunge upya.

Sasa ile rezista. Naomba unisikilize vizuri hapa maana hapa ndipo injini zinapokufa. Niliwahi kuletewa gari, injini ilikuwa imebadilishwa miezi michache nyuma, mwenye gari alikuwa mtu mwangalifu, kila akiendesha anatazama geji. Mshale ulikuwa katikati mpaka gari ilipozima barabarani na moshi mweupe. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda. Nilipofungua dashibodi nikakuta nyuma ya geji kuna kirezista kimesolderiwa vizuri kabisa, kimefungwa tepu nyeusi, kazi safi ya mkono. Mshale ulikaa katikati kwa sababu mtu aliutafutia katikati, na hakuna aliyeuliza kwenye digrii 115 utakuwa wapi.

Chukua mfano wa namba uone. Tuseme geji inataka om 80 kwenye digrii 90 ili ikae katikati, na om 40 kwenye digrii 115 ili iingie nyekundu. Sensa ya injini mpya inatoa 50 kwenye 90, na 25 kwenye 115. Kwa sensa hiyo mshale utakaa juu sana, mtu anaogopa, anaweka rezista ya om 30 kwa mfululizo kwenye waya. Sasa 50 na 30 ni 80, mshale katikati, kila mtu anafurahi. Lakini injini ikifika 115, 25 na 30 ni 55, geji ilikuwa inataka 40. Mshale utakuwa umepita katikati lakini bado haujafika nyekundu. Ili ufike kwenye nyekundu sensa ishuke mpaka om 10, na hiyo ni kama digrii 150. Kwa mfuniko wa rejeta wa bar 1 maji matupu yanachemka kwenye digrii 120, kwa hiyo mshale utaingia nyekundu wakati hakuna tena cha kuokoa.

Kwa upande wa pili, wa kwako, mshale uko chini unataka kuupandisha, rezista inawekwa sambamba, kutoka kwenye waya kwenda erthi. Geji ile ile, sensa inayotoa 120 kwenye 90 na 60 kwenye 115. Ukiweka om 240 sambamba, 120 inakuwa 80, mshale katikati. Kwenye 115 ile 60 inakuwa 48, na geji inataka 40, utaingia nyekundu kama digrii 123 hivi badala ya 115. Siyo mbaya kama ile ya kwanza lakini bado umechelewa digrii nane, na digrii nane pale juu ni nyingi. Kwa hiyo sisemi rezista ni dhambi, nasema ukilazimika kuitumia piga hesabu yake kwenye nyekundu kwanza, katikati ije baadaye. Mshale ukikaa chini kidogo ya katikati siku zote lakini ukaingia nyekundu kwenye digrii 110 au 115, hiyo ni geji nzuri. Na kwenye gari yako kwa sasa, kama waya uko kwenye sensa ya kontrol boksi, asije mtu akaongeza rezista yoyote hapo, atazidisha kuichanganya kontrol boksi.

Ukikosa kabisa sensa ya gari lako la zamani, au thredi zikakushinda, mimi ningeenda kwenye geji ya pembeni inayouzwa pamoja na sensa yake. Haitapendeza kama ya asili, lakini ina digrii zilizoandikwa kwa namba na hao wawili wamezaliwa pamoja, hakuna kubahatisha. Ipo pia ile ya zamani isiyotumia umeme, yenye kibomba chembamba cha shaba kilichojaa gesi kutoka kwenye injini mpaka kwenye geji. Naipenda sana hiyo kwa pikapu ya kazi, haijali erthi wala volti. Masharti yake ni kwamba kile kibomba hakikatwi na hakikunjwi kwa pembe kali, kikivuja gesi imekufa, na ncha yake ni nene, pima tundu kabla. Vipo pia vibox vya elektroniki vya kutafsiri sensa moja kwenda kwa geji nyingine, vinafanya kazi kama mtu wa kuvipangia yupo, kwa pikapu ya zamani naona ni mzunguko mrefu.

Chochote utakachochagua, nakuomba uongeze taa au kengele yenye swichi yake inayofunga kwenye digrii 105 au 110 hivi. Geji inataka uitazame, kengele inakuita yenyewe.

Na themostati usitoe, najua kuna mtu atakushauri. Kuitoa hakurekebishi geji, na injini ya EFI ikikaa baridi kontrol boksi inaendelea kumwaga petroli ya injini baridi. Angalia namba iliyopigwa juu yake, mara nyingi ni 82 au 88. Kama ya zamani ilikuwa 82 na ya sasa ni 88 mshale utakaa juu kidogo kuliko ulivyozoea, huo ni ukweli, usiurekebishe. Tena geji yako ni ya zamani, inaonyesha kila kitu. Magari mengi ya sasa mshale umepangwa ukae katikati bila kutikisika kwa kipande kirefu cha joto, wa kwako utapanda kidogo mlimani na kushuka kwenye mteremko, usiogope.

Ukimaliza kufunga toa hewa kwenye mfumo vizuri, kwa sababu sensa ikikaa kwenye puto la hewa au mvuke inasoma chini, na ndio maana maji yakiisha kabisa kuna wakati mshale unashuka badala ya kupanda. Mshale ukipanda halafu ghafla ukaanguka huku hita imekuwa baridi, simama. Halafu wewe una bahati moja, injini yako ina kontrol boksi, na sensa yake ikishaachwa peke yake inasema kweli. Chomeka mashine ya kusoma, weka kwenye joto la maji, washa injini ya baridi, na kwenye 50, 60, 70, 80, 90 andika mshale uko wapi. Kama huna mashine tumia ile bunduki ya kupima joto, ila chuma kinachong'aa inakisoma pungufu sana, bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye nyumba ya themostati upime juu ya tepu.

Kuna mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia na ningependa upeleke gari kwa fundi akiwa amesimama mbele yake. Kutoboa tundu jipya kwenye nyumba ya themostati ni kazi ya mtu wa mashine, na ifunguliwe kabisa, isitobolewe ikiwa kwenye injini maana chembe za aluminiamu zinaingia kwenye maji. Waya za kontrol boksi zikiwa zimekatwa na kuungwa sehemu nyingi, tafuta fundi umeme mwenye mchoro wa injini hiyo, siyo wa kubahatisha. Na kama maji yanapungua bila kuona yanapovujia, au ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi na ukawasha unaona mapovu yanatoka mfululizo, au oili imekuwa kama maziwa, acha habari za geji, hiyo injini inaweza kuwa imeshachemshwa kipindi chote ambacho mshale ulikuwa umelala, na ipimwe kabla hujaibebesha mzigo tena.

Kwa hiyo leo jioni injini ikishapoa fuata tu ule waya uone umeishia kwenye soketi ya pini ngapi, na niandikie.